Ukishindwa, Utashindwa Vipi? Ulinganisho wa Michezo ya Ubao, Mafumbo na Michezo ya Bure ya Mtandaoni Isiyozoeleka

Mtu akitafuta mchezo mpya, swali lake la kwanza huwa ni kama mchezo huo ni mzuri. Jibu lake halimsaidii, kwa sababu karibu kila mchezo una watu wanaoupenda kupita kiasi. Mimi huuliza jingine: ukishindwa, utashindwa vipi? Kwenye ubao unafungwa na mtu aliyekaa mbele yako, anayekuona unavyokunja uso. Kwenye fumbo hakuna wa kukufunga. Unakwama tu, na unaweza kukwama wiki nzima. Michezo mingi ya bure ya mtandaoni haikufungi wala haikukwamishi: inakuchukulia muda, na unakuja kushtuka saa mbili zimekwisha na hukumbuki ulichokuwa ukifanya.

Ukishajua ni kushindwa kwa aina gani unakoweza kukuvumilia, nusu ya kazi ya kuchagua imeisha. Mtu anayenuna akifungwa usimletee Hex, mchezo mkali nitakaoueleza hapa chini. Na anayepoteza hamu baada ya dakika kumi za kukwama, fumbo la chuma litakaa kabatini.

Nimewaacha kando chesi, drafti, Monopoly na wenzao kwa makusudi, maana hao hawahitaji kutambulishwa. Hapa nalinganisha michezo ambayo wengi hawajawahi kuisikia, na nimeipa kipaumbele ile unayoweza kuijaribu bila kutoa hela.

Karatasi kwanza: Sprouts, Hex na Yavalath

Kuna dhana kwamba mchezo usio wa kawaida lazima uje kwenye boksi zito lenye vipande mia. Mitatu hii inataka kalamu na karatasi.

Sprouts ilibuniwa Cambridge mwaka 1967 na wanahisabati wawili, John Conway na Michael Paterson. Weka nukta tatu kwenye karatasi. Mwenye zamu anachora mstari kutoka nukta moja hadi nyingine, au mstari unaotoka kwenye nukta, unazunguka na kurudi pale pale, halafu anaweka nukta mpya juu ya mstari huo. Mstari haukati mstari mwingine. Nukta ikishaguswa na mistari mitatu imekufa. Atakayekosa pa kuchora ndiye aliyeshindwa.

Kwa kuwa nukta zinaongezeka kila zamu, utadhani mchezo hautakwisha. Hesabu inakataa. Kila nukta inaanza na nafasi tatu za kupokea mistari. Kila zamu inakula nafasi mbili, na nukta mpya inaleta nafasi moja tu, kwa sababu mstari ulioizaa tayari umeigusa pande mbili. Kwa hiyo kila zamu jumla inapungua kwa moja. Nukta tatu zina nafasi tisa, basi mchezo hauwezi kuvuka zamu nane: nafasi ya mwisho inabaki peke yake bila nyingine ya kuungana nayo. Mwelezee hili mtoto anayechukia hesabu, halafu mwangalie anavyoanza kuzihesabu nafasi kimya kimya kabla ya kuchora.

Hex ni kali zaidi. Piet Hein wa Denmark aliibuni mwaka 1942, na John Nash akaifikia kivyake huko Princeton mwaka 1948. Ubao wake ni wa vyumba vya pembe sita, kwa kawaida 11 kwa 11, ulioegea upande mmoja kama msambamba. Kila mchezaji ana kingo mbili zinazotazamana, na kazi yake ni kuziunganisha kwa mnyororo wa kete zake. Kete ikishawekwa haihami wala hailiwi. Sheria zimeisha.

Sare haiwezekani. Ubao ukijaa wote, lazima mmoja wenu awe ameunganisha, kwa sababu njia pekee ya kumzuia mwenzako asivuke ni kuvuka wewe. Nash alithibitisha pia kwamba anayeanza akicheza bila kosa lazima ashinde, ila uthibitisho wake hauonyeshi acheze wapi. Ndiyo maana wachezaji wa Hex wana kanuni ya kubadilishana: wa kwanza anaweka kete, kisha wa pili anaamua kama ataichukua iwe yake au atajibu. Ukiweka kete yako katikati kabisa ya ubao, mwenzako ataichukua bila kufikiri mara mbili.

Yavalath ina asili ya ajabu kuliko zote: sheria zake hazikubuniwa na mtu. Zilitolewa mwaka 2007 na Ludi, programu ya kompyuta iliyoundwa na Cameron Browne kwa ajili ya kutunga michezo mipya na kuipima. Ubao ni wa pembe sita wenye vyumba vitano kila upande, jumla 61. Mnaweka kete kwa zamu. Ukipanga nne mfululizo umeshinda. Ukipanga tatu mfululizo bila kufikisha nne, umeshindwa hapo hapo.

Sheria hiyo ya tatu ndiyo inayoupa mchezo meno. Tuseme una kete mbili zimepakana, kisha chumba kitupu, kisha kete yako nyingine. Hujapanga tatu, kwa hiyo uko salama, lakini zamu ijayo utajaza pengo na kupata nne. Mwenzako hana hiari, lazima aweke kete yake kwenye pengo lile. Sasa fikiria kete hiyo anayolazimishwa kuiweka inamkamilishia tatu zake mwenyewe kwa upande mwingine. Amejifunga, na wewe ndiye uliyemshika mkono. Mchezaji akishaona hili mara moja, anaacha kutafuta nne na kuanza kuwinda mitego ya namna hiyo.

Nikizilinganisha: Sprouts ni ya kusubiri foleni, inakwisha upesi na haimuumizi mtu. Hex ni ya watu wawili watakaokutana mara nyingi, maana mzoefu akikutana na mgeni atamfunga karibu kila mara, na mgeni hatajua kilichotokea hadi mnyororo ukamilike. Yavalath ni ya kumvuta mtu anayesema hapendi michezo. Ukifungwa Hex unajua mwenzako ni hodari. Ukifungwa Yavalath mara nyingi umejipangia tatu bila kuangalia, na meza nzima inacheka pamoja nawe. Kwa mtu wa kuanza, nampa Yavalath bila kusita.

Ukitaka kununua boksi: Hive au Onitama

Hive ya John Yianni ilitoka mwaka 2001 na haina ubao. Ina vigae 22 vizito vyenye pembe sita, 11 kila upande, vimechorwa wadudu, na mzinga unajijenga juu ya meza yoyote kadiri mnavyocheza. Panzi anaruka juu ya wenzake kwa mstari ulionyooka, buibui anatembea hatua tatu kamili, chungu anazunguka ukingo wa mzinga hadi popote anapofika, dundu anapanda juu ya kigae kingine na kukibana kisisogee. Malkia wa nyuki anasogea hatua moja moja, na lazima awe mezani kufikia zamu yako ya nne. Ukimzunguka malkia wa mwenzako pande zote sita, umeshinda.

Kanuni inayowapiga chenga wageni ni kwamba mzinga haukatiki vipande viwili. Kigae kinachoshikilia wengine kinakuwa mfungwa hata kama pembeni yake ni peupe. Mchezaji mzuri wa Hive hashambulii malkia moja kwa moja. Anawafunga walinzi wake kwanza kwa kuning'iniza kigae kimoja nyuma ya kila mmoja wao.

Onitama ya Shimpei Sato, ya mwaka 2014, iko upande wa pili kabisa. Ubao wa 5 kwa 5, kila mtu ana bwana mmoja na wanafunzi wanne, na boksi lina kadi 16 za miondoko ambazo tano tu ndizo zinazotumika katika mchezo mmoja. Una mbili, mwenzako mbili, na moja inasubiri pembeni. Ukitumia kadi, unaiweka pembeni na kuichukua ile iliyokuwa ikisubiri. Maana yake, mwondoko uliokusaidia sasa utamfikia mwenzako. Unashinda kwa kumla bwana wake au kwa kumpeleka bwana wako hadi kwenye hekalu lake, yaani chumba alichoanzia bwana wake.

Zote mbili hazina bahati nasibu mchezo ukishaanza, na zote mbili hazihitaji kusoma lugha yoyote mezani. Zinatofautiana katika namna zinavyokumaliza. Hive inakukaba polepole. Zamu kadhaa kabla ya mwisho unajua pumzi inakwisha. Onitama inakata ghafla, kwa sababu ulisahau kadi moja. Anayependa kusoma mchezo, akaurudia na kugundua alipoharibu, achukue Hive. Anayetaka kumfundisha mgeni sheria zote kabla chai haijapoa, achukue Onitama. Mimi nina upendeleo kwa Hive na siufichi: vigae vyake havichakai, na unaweza kuicheza juu ya mchanga.

Ukishaimaliza Hive na bado una njaa, kuna familia ya michezo ya ubao ya GIPF ya Mbelgiji Kris Burm, iliyoanza mwaka 1997. Anza na YINSH ya 2003, ambayo kila ukipanga tano mfululizo unapoteza pete yako moja, yaani kila unapopata pointi unakuwa dhaifu zaidi.

Mkiwa wengi, na hamtaki kufungana

Kuna meza ambazo hazifai mashindano. Kuna aliyechoka, kuna mtoto, kuna yule ambaye akifungwa jioni inaharibika. Hapo ndipo michezo ya kushirikiana inapofaa, na miwili ifuatayo ni ya karata.

Hanabi ya Antoine Bauza, iliyopata tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres mwaka 2013, inakutaka ushike karata zako kinyumenyume. Wenzako wote wanaziona, wewe huzioni. Mnajaribu kupanga rangi tano, kila moja kuanzia 1 hadi 5, kwa kupeana vidokezo vya rangi au namba. Vidokezo ni vichache, na makosa matatu yanamaliza mchezo. Kila rangi ina 1 tatu, lakini 5 ni moja tu, kwa hiyo aliyeitupa 5 ya kijani bila kujua ameshaizika alama ya juu kabisa. Unamwona anaishika ile karata, unajua anachotaka kufanya, na huruhusiwi hata kukohoa.

The Mind ya Wolfgang Warsch, ya mwaka 2018, imeondoa hata vidokezo. Kuna karata 1 hadi 100. Mnagawana, kisha mnaziweka katikati kuanzia ndogo kwenda kubwa bila kusema neno, bila ishara, bila zamu. Mwenye 14 anasubiri kiasi gani kabla ya kuiweka? Hakuna jibu lililoandikwa, ila baada ya duru chache kikundi kinaanza kuwa na mwendo mmoja. Wapo wanaosema huu si mchezo, na naelewa wanachomaanisha. Ukiuchambua sana unabaki na kuhesabu sekunde kichwani, na ukianza kuhesabu sekunde umeuua.

Nikiambiwa nichague moja, nachukua Hanabi kwa kikundi kinachokutana tena na tena, kwa sababu lugha yenu ya vidokezo inakua. Kwa wageni wanaokutana usiku mmoja, The Mind. Na hii ya pili unaweza kuionja kwa kuandika namba kwenye vipande vya karatasi kabla ya kuinunua.

Ikiwa viwango vyenu vinatofautiana sana lakini bado mnataka mshindi, tafuteni bahati. Mchezo wa kifalme wa Ur unalitatua hilo tangu zamani za kale: Leonard Woolley aliufukua katika makaburi ya Ur, Iraki ya leo, katika miaka ya 1920, na Irving Finkel wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akasoma sheria zake kwenye kibao cha udongo cha Babeli cha karne ya 2 kabla ya Kristo. Vyumba 20, kete saba kila upande, mbio za kuvuka huku mkigongana katikati. Dadu zinampa mgeni nafasi ya kweli, na mzoefu bado anashinda zaidi. Kuchora ubao wake kwenye kadibodi ni kazi ndogo.

Mafumbo: ya kushika na ya kufikiri

Hapa mpinzani ameondoka na unabaki na kukwama. Kwa hiyo swali la maana ni hili: fumbo hili likikukwamisha, linakuonyesha mlango au linakuacha gizani?

Mafumbo ya kushika kwa mkono yanaelekea kukuacha gizani. Yale ya chuma ya Hanayama ya Japani, yanayopangwa kwa ugumu kuanzia kiwango 1 hadi 6, yanaweza kukaa mfukoni muda mrefu bila kukupa dalili kwamba unakaribia. Baadhi ya watu ndicho wanachokipenda. Zawadi ya kiwango 6 kwa mtu ambaye hajawahi kushika fumbo la aina hiyo naiona ni uchokozi. Mpe 2.

Afadhali vipande vya kujengea. Soma, iliyobuniwa na Piet Hein yule yule wa Hex, ni vipande saba vilivyoundwa kwa vijimchemraba 27, na vinaungana kuwa mchemraba mmoja wa 3 kwa 3 kwa 3 kwa njia 240 ukiacha kuzungusha na kuakisi. Pentomino, zilizopewa jina na Solomon Golomb mwaka 1953, ni vipande 12 vya miraba mitano mitano, na vinajaza mstatili wa 6 kwa 10 kwa njia 2339.

Ukisoma namba hizo utasema pentomino ni rahisi, kwa kuwa ina majibu mengi karibu mara kumi. Kaa nazo mezani uone. Njia za kukosea ni nyingi mno, na vipande vinaingia vizuri hadi viwili vya mwisho vinapokataa. Msaada mmoja: anza na kile cha umbo la msalaba. Hakiwezi kukaa kwenye kona bila kuacha mraba mmoja mtupu ambao hakuna kipande cha kuujaza, kwa hiyo ukikiacha hadi mwisho umejinyonga. Ukimaliza 6 kwa 10, jaribu 3 kwa 20, ambayo ina majibu mawili tu. Kadibodi na mkasi vinatosha kutengeneza seti nzima. Soma inahitaji mbao au gundi na uvumilivu, na ni nzuri zaidi kwa mtoto kwa sababu ushindi wake unakuja mapema.

Mafumbo ya kalamu ni ya tabia nyingine. Sudoku nzuri haikuachi gizani kamwe, maana hatua inayofuata ipo mahali fulani na inaweza kuthibitishwa. Tatizo la sudoku ni kwamba baada ya muda mkono unaijaza wenyewe na akili iko kwingine. Kama umefika hapo, hamia Slitherlink, fumbo jingine lililoenezwa na Nikoli, kampuni ya Japani iliyoipa sudoku jina lake.

Slitherlink ina nukta zilizopangwa kwa miraba, na baadhi ya miraba ina namba 0 hadi 3. Namba inasema ni kingo ngapi za mraba huo zimechorwa. Mistari yote mwishowe lazima iwe kitanzi kimoja kisichojikata. Chukua 3 iliyo kwenye kona ya ubao. Ile nukta ya kona kabisa ina njia mbili tu. Ukichora moja na kuacha nyingine, mstari unafia pale, na kitanzi hakiruhusu mwisho. Ukiziacha zote mbili, mraba unabaki na kingo mbili na hauwezi kufikisha 3. Basi zote mbili zimechorwa, na hujakisia chochote. Raha ya fumbo hili ni kwamba kila kanuni ndogo ya aina hiyo unaigundua mwenyewe, wala hakuna aliyekufundisha.

Mahali pazuri pa bure pa kuyajaribu haya ni mkusanyiko wa mafumbo wa Simon Tatham. Una mafumbo karibu arobaini, chanzo chake ni huria, hauna matangazo, unafanya kazi kwenye kivinjari, kompyuta na simu, na ukishausakinisha hauhitaji intaneti. Slitherlink humo inaitwa Loopy, sudoku inaitwa Solo. Kuna pia Mines, ule mchezo wa zamani wa kutegua mabomu, isipokuwa humu kila ubao umehakikishwa kuwa unatatulika bila kubahatisha. Aliyewahi kulipuka kwenye miraba miwili ya mwisho kwa sababu ilibidi arushe shilingi ataelewa kwa nini naipendekeza hiyo kwanza. Sura ya mkusanyiko wenyewe ni kavu. Ukizoea programu zinazokurushia maua na nyota kila ukigusa, utahisi kama umeingia ofisini.

Bure ya mtandaoni: ina mwisho, au haina?

Kigawanyo kikubwa hapa ni kama mchezo una mwisho, wala si kama ni mzuri au mbaya.

A Dark Room ya mwaka 2013 inafunguka ikiwa na maandishi machache na kitufe cha kuwasha moto. Hakuna picha. Ukiwa na subira, kitu kingine kinatokea, kisha kingine, na sitasema ni nini. Universal Paperclips ya Frank Lantz, ya mwaka 2017, inaanza na kitufe cha kutengeneza klipu moja ya karatasi, na unaongoza mashine ambayo haijui kitu kingine duniani. Zote mbili zinachezwa bure kwenye kivinjari, zote mbili zinakwisha, na zikikwisha unafunga dirisha ukiwa umeona jambo. Paperclips ni bora kwa anayependa namba, A Dark Room kwa anayependa hadithi. Zote zinadai kusoma, mara nyingi kwa Kiingereza. Hilo likikusumbua, rudi kwenye michezo ya ubao na mafumbo ya Tatham, ambako sheria ukishazijua maneno hayana kazi.

Kwa upande wa pili kuna Cookie Clicker, pia ya 2013, ambayo unabofya biskuti na kununua vya kukubofyea biskuti. Haina mwisho wa maana na imeundwa hivyo. 2048 ya Gabriele Cirulli, ya 2014, iko katikati: inakupongeza ukifika 2048, halafu inakuuliza kama unaendelea. Bana kigae kikubwa kwenye kona moja na usikitoe, utafika mbali kuliko wengi. Infinite Craft ya Neal Agarwal, ya 2024, inakupa maji, moto, upepo na ardhi uviunganishe, na akili bandia inaamua kinachozaliwa. Mwanzo inashangaza kweli, lakini baada ya hapo unachanganya vitu ovyo kuona kama mashine itakujibu kichekesho.

Kati ya pande hizo mbili imesimama michezo ya mara moja kwa siku, ambayo Wordle ya Josh Wardle iliipa umaarufu mwishoni mwa 2021 kabla ya kununuliwa na New York Times Januari 2022. Herufi tano, majaribio sita, kisha kwaheri hadi kesho. Kile ambacho michezo mingine ingekiita upungufu, yaani kukufukuza, ndicho kilichowafanya watu warudi. Kwa mtu anayejijua kwamba hawezi kuacha, namshauri achague mchezo unaomfungia mlango.

Neno bure nalo lina ngazi zake. Lichess, tovuti ya chesi iliyoanzishwa na Thibault Duplessis mwaka 2010, ni bure kwa maana kamili: hakuna matangazo, hakuna sehemu ya kulipia, inaendeshwa kwa michango. Huo ndio upande wa juu. Upande wa chini ni programu ya simu inayokwambia nguvu zako zimekwisha, subiri au nunua vito. Mchezo ukishaanza kukuuzia muda wako mwenyewe, ufute, hata kama fumbo lake ni tamu.

Na yale maelfu ya michezo midogo ya enzi zile iliyotumia Flash, programu ya Adobe ya kuchezesha michezo na katuni kwenye kivinjari, ambayo wengi wanadhani ilikufa Adobe ilipoacha kuitegemeza mwishoni mwa 2020, haijapotea yote. Mradi wa Flashpoint umehifadhi lundo kubwa, na programu huria ya Ruffle inaichezesha mingi ndani ya kivinjari. Ukikumbuka jina tu, litafute.

Pa kuyapata mengine

BoardGameGeek, iliyoanza mwaka 2000, ni hifadhidata kubwa ya michezo ya mezani. Kuna kitu kimoja cha kuwa nacho makini: orodha ya michezo bora inapendelea mizito, kwa sababu wanaopiga kura huko ni mashabiki walioiva. Mgeni akinunua kwa kufuata kumi bora atarudi na boksi ambalo kitabu chake cha sheria hatakimaliza. Angalia namba ya uzito, inayoanzia 1 hadi 5, na anzia chini ya 2. Kisha soma maoni ya waliotoa alama ndogo. Hao husema kwa nini, na mara nyingi kinachowaudhi wao ndicho unachokitafuta wewe.

Board Game Arena ni ya kucheza. Mamia ya michezo ya mezani kwenye kivinjari, na watu halisi, ama papo hapo ama kwa zamu za polepole zinazochukua siku kadhaa. Akaunti ya bure inatosha kwa mingi. Baadhi ya michezo inahitaji mwenye akaunti ya kulipia afungue meza, ila akikualika unacheza bila kulipa. Kwa anayefikiria kununua boksi, hapa ndipo pa kuhakikisha kama hamu itadumu, kwa sababu mshangao wa mara ya kwanza unaweza kukudanganya.

Kwa vitu vya ajabu kweli, itch.io ina michezo ya watu binafsi ambayo mingi ni bure au unalipa upendavyo. Toleo la kwanza la Baba Is You, lililotengenezwa kwenye shindano mwaka 2017, lipo huko: sheria za mchezo ni maneno unayoyasukuma kama mawe, ukiyapanga upya ukuta unaacha kuwa ukuta. Katika itch.io takataka ni nyingi pia, kwa hiyo chuja kwa waliopewa alama za juu na anza na inayochezwa kwenye kivinjari bila kupakua.

Ludii naiweka mwisho kwa sababu wachache wanaijua. Ni programu ya bure iliyotokana na mradi wa Cameron Browne, yule yule wa Yavalath, katika Chuo Kikuu cha Maastricht, na ina michezo zaidi ya elfu moja: ya kale, ya makabila mbalimbali, ya jamii ya bao yenye sheria za kila namna, na ya kisasa. Sura yake si ya kupendeza, na inahitaji Java kwenye kompyuta. Lakini hakuna mahali pengine ninapopajua ambapo unaweza kucheza Hex, kisha Yavalath, kisha Ur, mfululizo, dhidi ya kompyuta isiyokuchoka wala kukucheka. Mpe mpinzani huyo sekunde moja tu ya kufikiri mwanzoni. Ukimpa kumi kwenye Hex, hutapata nafasi ya kujifunza chochote.